Mikono ya Noda

Karibu na Porte de Hal kuna duka dogo la kutengeneza simu. Mwenyewe huacha mlango wazi hata wakati wa baridi, na mimi hupita hapo asubuhi nikienda kazini, mikono mifukoni, akili bado iko kitandani. Halafu harufu inanikamata: lehemu inayoyeyuka, moshi mtamu kidogo puani na mkali kooni. Wenzangu wa rika langu, tuliokulia Brussels na wazazi waliotoka Katanga, huniambia kwamba utoto wao uko kwenye sombe, majani ya muhogo, ya mama zao, au kwenye mafuta ya nywele ya siku ya kanisa. Wana bahati. Wangu uko kwenye moshi huo. Nikiuvuta namwona baba yangu ameinama nyuma ya mashine ya watu, amevaa suti yake ya pekee, na mzee wa Kijapani ameketi kando yake akimtazama anavyotafuta kosa ambalo halikuwepo.

Kule Likasi, kabla sijazaliwa, Papa alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na watu walimwita Ingénieur, mhandisi. Brussels alisafisha ofisi za watu na hakuna aliyemwita jina lolote. Tulikaa Saint-Gilles, juu kabisa katika moja ya zile nyumba kuukuu zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya wapangaji, na meza ya dirishani ilikuwa yake. Redio, pasi, kinanda cha mtoto, chochote alichokikuta kimetupwa kando ya barabara alikipandisha juu, akakifungua, akakiponya, akakisukuma chini ya kitanda changu. Nililala juu ya vitu vizima visivyo na mwenyewe. Papa alisema watu wa nchi hii ni wagonjwa, waya mmoja ukikatika wanatupa kitu kizima. Alilisema hilo kwa hasira, na nadhani hasira yenyewe haikuwa ya redio tu.

Mama alisafisha nyumba Auderghem, kule kwenye miti mingi na Wajapani wengi. Jumatano shule hufungwa mchana, basi alinichukua kwenda naye. Nyumba ya Jumatano ilikuwa ya Madame Keiko, mwanamke mpole ambaye hatukumwona sana kwa sababu alikuwa kazini. Chini, katika kilichokuwa gereji, aliishi baba yake, Bwana Sakuma. Alikuwa mjane. Binti yake alimleta Ubelgiji baada ya kiharusi kilichomwachia mikono inayotetemeka, hata kufunga vifungo vya shati kulimchukua muda. Mama alimwita Papa Sakuma, kama tunavyowaita wazee wote, naye hakukataa.

Mle gerejini kulikuwa na kitanda, meza, rafu yenye picha ya marehemu mkewe na kikombe kidogo cha wali mbele yake, na mashine. Wa umri wangu mtazikumbuka: kabati refu la mbao lenye kioo, kijiti cha kuongozea na kitundu cha sarafu. Zilikaa kwenye kona za kafe kabla kila mtu hajawa na gemu mfukoni. Ndani ya kioo cha hii, mchimbaji mdogo mwenye taa kichwani alipanda ngazi za mgodi huku maji yakipanda nyuma yake. Alikwepa mawe, akaruka mashimo. Mahali fulani alisimama kidogo pasipo sababu, kisha akaendelea. Kwenye ngazi ndefu maji yakamfikia, taa ikazimika, halafu akaanza tena kutoka chini. Kijiti hakikuwa kimeshikwa na mtu.

“Mama, nani eko anacheza?” niliuliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga.

“Hakuna muntu.”

“Lakini anapanda.”

Mama alizima mashine ya kufyonza vumbi akatazama. “Usifike pale. Kintu inajicheza yenyewe, moi, je n’aime pas, miye sipendi. Njoo huku.”

Mama alikuwa mtu wa maombi, na maombi yake hayakuwa ya kunong’ona. Tangu siku hiyo alifuta kile kioo huku akikemea, kwa jina la Yesu toka, kwa jina la Yesu toka, na Bwana Sakuma, aliyedhani ni wimbo wa kazi wa kwetu, alitikisa kichwa kufuata mapigo. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Yule mama wa kwenye picha huwekewa wali asubuhi. Baadaye kikombe kiko kitupu. Basi anakula, anapata nguvu, anacheza. Sikumwogopa hata kidogo. Nilimhurumia tu kwamba hajui mchezo, maana kila mara alikufa pale pale.

Jumatano moja mzee alinikuta nimesimama mbele ya mashine nikisema, “Bonjour, Madame.” Akaniuliza ninamsalimia nani. Nikamwonyesha picha, wali, kijiti. Alinielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Kifaransa alikijifunza uzeeni, na kila neno alilitoa peke yake, kama mtu anayepanga sahani mezani.

“Siyo mke wangu,” alisema. “Mke wangu hakupenda mashine. Huyu ni Noda.”

“Noda ni nani?”

“Rafiki. Amekufa zamani.”

Basi nilikuwa nimekosea jina la maiti tu. Nilipanda ngazi mbio mpaka jikoni kwa Mama, nikafika nikanyamaza. Ningemwambia, tusingerudi tena katika nyumba ile, na mimi nilitaka kurudi.

Nilirudi, na kidogo kidogo akanieleza. Ujanani alisomea ishara za reli, akaomba kazi katika kampuni moja ya Osaka akidhani watamweka kwenye mambo ya treni. Kampuni hiyo ilitengeneza mashine za michezo, na ilikuwa inachukua yeyote aliyeweza kuziandikia programu. Walimpa chumba kisicho na dirisha, na ndani ya chumba hicho alikuwepo Noda. Waliandika kwa mkono, mistari ya herufi na tarakimu, kwenye karatasi zilizojaa meza. Picha nazo walizichora kwa kujaza vijumba vidogo. Alinionyesha. Nilimpa daftari langu la hesabu, akanielekeza nijaze kijumba hiki, niache kile, nijaze hiki, na yule mchimbaji akatokea, taa na buti na kila kitu. Sijawahi kufurahi hivyo darasani. Nikamwuliza jina lake limeandikwa wapi kwenye gemu.

“Hapana jina,” alisema. “Kampuni ilikataza. Wengine wakijua nani ameandika, watatuiba.”

“Watawaiba nyinyi, watu?”

“Ndiyo. Watatuita kwao kazini. Kwa hiyo hatukuwepo.”

Gemu ilipokaribia kumalizika, mashine ya kwanza ilipelekwa kwenye ukumbi wa michezo karibu na stesheni, na wao wawili wakasimama nyuma ya nguzo pamoja na bosi kutazama watu wakicheza. Mimi nilidhani walikwenda kuona kama watu wanafurahi. Hapana, walikwenda kuona wanakufa upesi kiasi gani. Mtu aliyecheza muda mrefu kwa sarafu moja alikuwa hasara, na bosi alimwonyesha kwa kidole. Wakirudi ofisini, Bwana Sakuma alikuwa na kazi moja. “Niliongeza maji,” aliniambia. “Miaka yangu yote, niliongeza maji.” Baada ya gemu ile aliandika nyingine nyingi, maji yakawa moto, yakawa magari, yakawa risasi, lakini kazi ilikuwa ile ile. Halafu watu wakanunua michezo ya kuchezea nyumbani, kumbi zikafungwa, na kampuni haikutaka kumfukuza kwa maneno. Ilimpa meza mpya kando ya dirisha, bila kazi yoyote, akae hapo mpaka achoke mwenyewe. Muda wote alikuwa ametamani dirisha. Alichoka akaondoka.

Lakini nilitaka kujua habari za Noda. Nani anacheza, kama amekufa?

Mashine zile, mtakumbuka, zisipochezwa zilijionyesha zenyewe ili kuvuta wapita njia. Katika gemu ile walichofanya ni hivi: Noda alikaa, akacheza, na mashine ikahifadhi kila kitu ulichofanya mkono wake. Haikuhifadhi picha. Ilihifadhi kushoto, kulia, juu, ruka, subiri, kwa wakati ule ule alioufanya yeye. Noda aliijua gemu kiasi kwamba angeweza kucheza kutwa nzima maji yasiguse buti. Bosi akasema hapana, mchimbaji lazima afe, ili anayetazama aseme mimi nitamshinda huyu. Basi Noda akafa kama alivyoagizwa, kwenye ngazi ndefu. Na pale katikati, pale mchimbaji anaposimama pasipo sababu?

“Hapo anawasha sigara,” Bwana Sakuma alisema, na uso wake wote ukafunguka. “Mkono mmoja kwenye kijiti, mkono mmoja kwenye kiberiti. Bosi alikasirika. Lakini hapakuwa na muda wa kurudia.”

Tulitazama pamoja. Mchimbaji akasimama. Tukasubiri, yeye na mimi, mtu fulani Osaka awashe sigara yake. Mchimbaji akaendelea. Kuanzia siku hiyo sikuona tena gemu pale, niliona mtu, na hata leo sina namna ya kumweleza asiyekuwepo jinsi ilivyokuwa. Siku zile walizokuwa wanamaliza gemu, wote wawili walilala ofisini juu ya maboksi, chini ya meza. Asubuhi moja Noda aliinamisha kichwa mezani. Katika chumba kile, mwenzako akisinzia, adabu ilikuwa kumwacha, kwa sababu usingizi ulikuwa haba na kila mtu aliuonea huruma usingizi wa mwenzake. Bwana Sakuma aliwaomba watu wapunguze sauti. Walifanya kazi wakizunguka meza yake kwa vidole vya miguu mpaka wakati wa chakula, ndipo mmoja alipomgusa.

Aliponieleza hilo hakulia. Alisema tu, “Tulikuwa kimya sana,” kisha akaniomba nimletee miwani.

Mashine yenyewe haikutoka Japani. Madame Keiko aliikuta katika kafe moja iliyokuwa inafungwa upande wa Liège, akaitambua kwa picha ya mchimbaji ubavuni, akamnunulia baba yake. Kampuni ilishakufa na vitu vyake vyote vilitupwa. Mzee hakujua kama kuna nyingine iliyo hai. Mimi nami, siku hizi ambapo watu huokoa gemu za zamani na kuziweka kwenye mtandao, nimeitafuta sana. Jina lake nimelikuta. Gemu yenyewe sijaikuta.

Na ilikuwa hatarini. Ndani, nyuma ya kabati, kulikuwa na bodi ya umeme, na juu ya bodi betri ndogo ya mviringo. Mzee alinionyesha kwa tochi. Washindani walikuwa wakinakili gemu zao, kwa hiyo bosi alimwagiza aandike kufuli. Funguo zilikaa katika chipu inayosahau kila kitu ikikosa umeme hata kwa nukta moja, na betri ile kazi yake ilikuwa kuikumbusha. Betri ikifa au ikitolewa, chipu inasahau, gemu haifunguki tena milele. Zamani wenye kafe walirudisha bodi kwa kampuni iwekewe funguo upya.

“Si uandike funguo zingine?” nilimwambia.

“Mimi niliandika mlango. Funguo alichagua bosi. Amekufa na funguo.”

Betri ilikuwa imezeeka. Aliipima mwenyewe na kipimo chake kilimwambia haina muda. Dawa ilikuwepo. Unalehemu betri mpya kando ya ile kuukuu wakati kuukuu bado inafanya kazi, na mpya ikishashika ndipo unaitoa ya zamani. Mpya kwanza, kuukuu baadaye. Alilirudia hilo kwangu mara nyingi, nadhani kwa sababu alikuwa anaogopa. Yeye mwenyewe asingeweza. Kwa mikono ile ncha ya pasi ya lehemu ingetembea bodi nzima. Mafundi waliopigiwa simu walitaka mashine ipelekwe kwao, naye hakutaka itoke. Ndipo Mama, aliyekuwa akikemea kioo kile kila wiki, akasema kwa Kifaransa chake kizuri cha kazini kwamba mume wake ni fundi.

Jioni ile alimpa Papa habari akiwa bado amevaa koti. Papa aliweka kijiko chini.

“Mujapani njo ananiita? Miye?”

“Ni weye.”

“Bale bantu njo banatengenezaka bintu ya dunia muzima. Et puis bananiita miye.” Alitazama meza yake ya dirishani, kisha akanitazama mimi. “Bijou, iko mashini ya namna gani?”

Nikamweleza juu ya mchimbaji na maji na betri. Nilipofika kwa Noda, Mama aliweka sufuria mezani kwa kishindo, nikaruka sehemu hiyo. Baba yake Papa alikufa mgodini, na yeye aliuliza zaidi juu ya mchimbaji. Jumamosi alipiga suti yake pasi, akafunga vifaa katika taulo safi, na tukaenda wawili, mimi na yeye, kwa sababu nilikuwa naijua nyumba. Kwenye tramu alikaa wima kabisa. Sikuwahi kumwona baba yangu akienda kazini namna ile.

Bwana Sakuma alitupokea mlangoni kwa tai. Akainama, Papa akainama, mzee akainama zaidi, na Papa, ambaye asingekubali kuzidiwa heshima na mtu aliyemzidi umri, akainama karibu kugusa magoti. Tukateremka gerejini. Papa alitaka kuanza. Mzee akakataa kwa mkono. Kwao mgeni hapewi kazi kabla ya chai. “Kwanza chai,” alisema. “Halafu nitaeleza.” Akapanda jikoni, peke yake, maana Madame Keiko hakuwepo, na tukasikia kabati zinafunguliwa na vyombo vinagongana.

Papa alikaa kwenye kiti kama amekalia msumari. Mzee wa umri wa baba yake anamchemshia chai kwa mikono inayotetemeka, na yeye kijana amekaa. Kwetu hilo ni aibu. Akaniambia afadhali afungue, asafishe, amalize yaliyo mepesi, ili mzee akirudi asisimame kumshikia taa. Akavua koti, akafungua nyuma ya kabati, akanipa tochi. Alipoiona betri akapiga ulimi. Ukijani ulikuwa umeanza kutoka pembeni yake, ile kutu ya maji ya betri ambayo inakula shaba.

“Unaona? Inavuza. Itakula yote.” Akachukua mkasi wake mdogo wa waya.

“Papa, alisema mupya kwanza.”

“Mupya kwanza namna gani?”

“Anaweka mupya, ile ya zamani iko pale pale. Halafu njo anaitoa.”

“Bijou. Betri yenye kuvuza, unaitoa mbele ya yote. Ukigusa na chuma ya moto iko pale, utachoma bodi. C’est la base, njo mwanzo ya kazi. Nilianza ile kazi weye ungali wapi?” Hakuwa amekasirika. Alikuwa na furaha, ndiyo iliyokuwa shida. “Shika taa bien.”

Akakata. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kukata ukucha. Akakata upande wa pili, akaifuta betri, akailaza juu ya taulo mahali pazuri ili mzee aione, akaanza kusugua ile kutu kwa mswaki.

Bwana Sakuma alikuwa anateremka. Vikombe vilisikika kwanza, vikigongana kwenye sinia ngazi baada ya ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama. Alitazama taulo. Aliinama polepole, akaweka sinia palepale kwenye ngazi, akabaki ameinama muda kidogo. Kisha akaiinua tena, akaileta mezani, akammiminia Papa kwanza. Chai nyingine ilimwagika. Papa aliipokea kwa mikono miwili, akasema, “Merci, papa,” akanywa, akamweleza hatari ya ile kutu na jinsi alivyoiwahi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, “Asante kwa kuja.”

Papa akalehemu betri mpya. Alifanya kazi safi, lazima niseme hivyo. Nimeona kazi za mafundi wengi na hakuna aliyelehemu kama yeye. Moshi ukajaa gereji. Akawasha mashine. Kioo kikajaa vipande vya rangi, vimekwama, na hakuna kilichosogea. Hapakuwa na ngazi wala maji wala mtu.

“Attends, ngoja,” Papa alisema. Akazima, akawasha. “Attends, attends.”

Alipokwenda kunawa ili aanze upya, nilimwuliza mzee kama imeharibika. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

“Hapana,” alisema. “Inafanya kazi. Niliandika kwamba ikitolewa, ife. Imekufa. Niliandika mimi mwenyewe, na niliandika vizuri.” Akanipa leso yake. “Baba yako alikuja kunisaidia. Usimwambie.”

Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia kwa utaratibu wake, na Papa kwa furaha yake, na nikamchukia Noda aliyewasha sigara badala ya kupanda. Nilifuta uso, Papa akarudi, nikashika taa.

Hakumaliza siku ile, akaomba aje Jumamosi nyingine. Alikuja. Alipima kila mguu wa kila chipu. Alilehemu upya viungo vilivyokuwa vizima. Alikwenda kutafuta vitabu, akasoma juu ya bodi za aina ile mpaka macho yakawa mekundu. Kila Jumamosi Bwana Sakuma alikuwa amevaa tai, chai iko tayari, na alikaa kwenye kiti kando ya Papa kutazama. Walizungumza kidogo. Papa alimweleza juu ya Likasi, mzee alimweleza juu ya Osaka, na kila mmoja alisema ndiyo, ndiyo. Mimi nilikaa katikati yao na tochi, huku najua. Jumatano nilipokwenda na Mama, mzee hakuiwasha tena mashine. Alikaa kuielekea, basi. Mama aliacha kukemea, akafuta kioo kimyakimya, na siku moja akaniuliza kwa nini Papa Sakuma hali chakula. Wali wa kwenye rafu aliuweka bado. Wake aliuacha sahanini.

Alikufa katika miezi ya baridi, kiharusi cha pili. Mwili wake ulichomwa kule Uccle, kama ilivyo desturi yao. Tulikwenda mimi na Papa, ambaye suti yake ilikuwa imeanza kung’aa kwenye viwiko. Watu walikuwa wachache. Madame Keiko alimwambia Papa kwamba siku za Jumamosi baba yake alivaa tai tangu alfajiri, na akamwuliza kama angependa kuichukua ile mashine. Papa alisema hapana, Madame, asante, hapana, akirudi nyuma huku akisema.

Kwenye tramu ya kurudi aliketi kando ya dirisha, kofia magotini. Ilikuwa inanyesha na vioo vilikuwa na ukungu. Alianza kuzungumza bila kunitazama.

“Nilijua.”

“Ulijua nini, Papa?”

“Ile siku ya kwanza. Aliweka plateau mu escalier, akabakia pale anaangalia ile betri. Nikajua niko mwenye kuua kintu yake. Sikujua namna gani. Lakini nikajua.”

“Alors juu ya nini ulikuwa unarudia kila samedi?”

“Kumuomba pardon.” Alipangusa kioo kwa kiganja, ingawa nje hakukuwa na cha kuona. “Kila samedi mu tram najiambia, leo nitasema. Nafika, nakuta eko na cravate, chai eko tayari. Kinywa inafunga. Nafungua mashini. Sikumusema, Bijou. Hata siku moja. Sasa eko majivu, na sikumusema.”

Mzee alinikataza nisimwambie, na mzee alikuwa ameshakwenda. Nilimwambia Papa kwamba Bwana Sakuma alijua naye, tangu dakika ile ile, na kwamba Jumamosi zote zile alikuwa anajua hakuna kosa la kutafuta.

Papa aligeuka. “Alikuambia?”

“Aliniambia, weye ulikuwa unanawa.”

“Alisema nini? Sema vile alisema.”

“Alisema haikuharibika. Alisema inafanya kazi. Eko yeye mwenyewe njo aliandika ife, na aliandika bien. Alisema ulikuja kumusaidia.”

Papa alifunika uso wake kwa kofia. Mabega yake yalitikisika, na mwanamke aliyekuwa mbele yetu akageuka, akatutazama, akahama kiti. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nikaweka mkono kwenye goti lake. Akasema ndani ya kofia, “Rudilia.”

Nikarudia. Inafanya kazi, aliandika yeye mwenyewe, aliandika bien, ulikuja kumusaidia.

“Rudilia,” Papa alisema, na nikarudia tena, na tena, mpaka tukapita kituo chetu.